Hasi ya Katikati

Fundi alikana kabla ya kuulizwa.

"Mimi sijaua mtu, Afande."

"Nimesema habari za asubuhi," Inspekta akamjibu.

Katika miaka ishirini na mitatu ya kazi, mwanamke huyu alikuwa amewasikiliza watu wakikana kila kitu, kuanzia mauaji hadi umri wao, na alikuwa amejifunza kwamba anayekana mapema hathibitishi hatia. Anathibitisha woga tu, na woga hugawiwa bure kwa kila aliye hai. Alivuta kigoda akaketi bila kukaribishwa. Sajini wake, mtu mnene ambaye wenzake walidai kwamba huingia chumbani kwa awamu, alibaki mlangoni na kuuziba wote.

Karakana ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kinyozi, chenye dirisha moja lililotazama ukuta. Juu ya meza ndefu palikuwa na chuma cha kulehemu kilichoegeshwa kwenye kikalio chake, mviringo wa risasi ya kulehemia, koleo la kukatia, mita ya kupimia umeme, na pedali za gitaa zipatazo kumi na mbili: vile visanduku vya chuma ambavyo mpiga gitaa huvikanyaga ili sauti ikwaruze, irefuke, au ijirudie kama ya mtu anayesema ndani ya kisima. Ukutani zilining'inia nyaya fupi zenye vichwa vya duara. Kwa nyaya hizo fundi alijipatia riziki. Kila pedali hula umeme, kila chaja ina kichwa kisicholingana na cha mwenzake, na mwanamuziki, kiumbe anayeweza kukumbuka nyimbo mia tatu, hawezi kukumbuka chaja ipi ni ya pedali ipi. Kwa hiyo humwendea fundi amtengenezee waya wa kuunganisha.

Inspekta alitoa mfuko wa plastiki wa vielelezo akauweka mezani. Ndani yake mlikuwa na waya mweusi wenye urefu wa mita moja. Mwisho mmoja ulikuwa na vibanio vya betri. Mwisho wa pili ulikuwa na kichwa kinene cha duara, shingo yake imevikwa mpira wa njano uliobanwa kwa joto.

"Huu unaufahamu?"

Fundi aliutazama kama mtu anavyomtazama nyoka ambaye watu wanasema amekufa. Alikuwa mwembamba, wa miaka arobaini hivi, na kijasho chembamba kilikuwa tayari kimeanza kumteremka kwenye mapanja ingawa asubuhi ilikuwa na baridi.

"Kazi yangu hiyo."

"Basi nifundishe. Mimi umeme naujua kwa kuuwasha na kuuzima."

Hilo halikuwa kweli kabisa. Tangu jana jioni Inspekta alikuwa anajua mambo matatu kuhusu waya huo. La kwanza, kwamba juzi saa mbili asubuhi ulikuwa umeunganisha betri na mashine ya kupumulia ya mzee mmoja mwenye mapafu mabovu, mwalimu mstaafu wa muziki, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu. La pili, kwamba umeme wa mtaa ulipokatika saa hiyo, mashine ilipaswa kuhamia kwenye betri bila mzee hata kukohoa. Badala yake ilitoa harufu ya kuungua na ikazima. Mpwa wa marehemu, aliyekuwa jikoni akichemsha maji, alifika chumbani akiwa amechelewa. Kwa kuwa nyumba ingekuwa yake, na kwa kuwa majirani huwa hawapendi kifo kisicho na mkosaji, mpwa huyo sasa alikuwa mahabusu akilia kwa sauti iliyowanyima wenzake usingizi. La tatu aliambiwa na mtaalamu wa maabara: umeme uliingia katika mashine kinyumenyume.

Mpwa alisema waya uliletwa na muuguzi anayewazungukia wagonjwa majumbani. Muuguzi, alipopigiwa simu, alisema waya ulitengenezwa na fundi wa pedali nyuma ya kinyozi. Sajini alimuuliza swali moja naye akajibu moja. Uaminifu wa aina hiyo umejaza makaburi mengi.

"Kichwa cha duara kina sehemu mbili, Afande," fundi alianza, na sauti yake ikatulia kidogo, kama inavyotulia sauti ya mtu anayerudi kwenye jambo analolijua. "Kuna hili tundu la katikati, na kuna huu ukuta wa nje. Chanya inapita kwenye mojawapo, hasi inapita kwenye nyingine. Vitu vingi duniani, redio, taa, kamera, hizo mashine za wagonjwa, chanya inakaa katikati."

"Na pedali?"

"Pedali ni kinyume. Hasi ndiyo inakaa katikati."

"Kwa nini?"

"Aliyeanza alikuwa na sababu zake. Sisi tuliofuata tumefuata tu."

"Kama ndoa," Sajini alisema kutoka mlangoni.

Hakuna aliyecheka. Inspekta alisogeza mviringo wa waya karibu na fundi.

"Nitengenezee mmoja. Wowote."

"Wa nini?"

"Nimesema wowote."

Fundi alishika chuma cha kulehemu. Alichuna ngozi ya waya kwa meno ya koleo, akapindapinda nyuzi, akazigusisha risasi mpaka zikang'aa. Kisha, huku akimtazama Inspekta usoni na si kazini, akaupeleka waya mweusi, wa hasi, kwenye ulimi wa katikati wa kichwa na mwekundu kwenye ulimi wa nje. Moshi mwembamba ulipanda. Kazi yote ilichukua muda usiotosha kufunga kamba za viatu.

"Umeweka hasi katikati," Inspekta alisema.

Fundi aliangalia alichokishika, na uso wake ukageuka rangi ya majivu.

"Ni mazoea, Afande. Mkono unakwenda wenyewe. Natengeneza thelathini kwa wiki, zote za pedali. Muuguzi alikuja na kakaratasi, amechora alama ya chini ya mashine, chanya katikati, akanionyesha na kwa kidole. Nikasema sawa, nimeona. Na nilikuwa nimeona! Lakini nikikaa hapa, macho yanaona hivi na mkono unafanya vile. Nimemuua mzee wa watu kwa mazoea."

Mazoea yana taabu, husema waliozoea. Na Inspekta, ambaye hakuwa muumini mkubwa wa methali kwa sababu kila moja ina pacha wake anayeipinga, aliona hii inaelekea kusimama. Ilimtoa mpwa mahabusu, na ilieleza harufu, kinyumenyume na kifo. Lilikuwa kosa ambalo mtu yeyote mwingine asingeweza kulitenda: fundi wa redio angeweka chanya katikati hata akiwa amelala. Alikuwa karibu kufungua daftari aandike neno *uzembe* alipoona pakiti.

Ilikuwa chini ya rafu, pakiti ya plastiki ngumu yenye vyumba vitano, kila chumba cha kichwa kimoja. Vichwa vyenyewe vilikuwa vinene kuliko vyote vilivyokuwa mezani.

"Hivi ni vya pedali?"

"Hapana. Vya pedali ni vyembamba. Hivi nilivinunua kwa ajili ya hiyo mashine."

"Nyaya ngapi za mashine ulitengeneza?"

"Mmoja, Afande."

"Hebu hesabu na mimi. Pakiti ni ya vitano. Humu vimebaki vitatu. Kimoja kiko kwenye mfuko wangu. Cha tano kiko wapi?"

"Kiliharibika."

"Kilichoharibika kiko wapi?"

"Nilitupa."

"Sajini, pipa."

Sajini alilipindua pipa la taka sakafuni na kuchutama kwa gharama kubwa ya pumzi. Vilitoka vipande vya waya, mabonge ya risasi, maganda, pedali iliyovunjika. Kichwa kinene hakikuwepo. Kulikuwa na vipande viwili vya mpira wa njano, mabaki ya kukata, ambavyo Sajini aliviinua kimoja kwa kila mkono kama mtu anayeonyesha pete za harusi.

"Mpira wa njano unautumia wapi kwingine?" Inspekta aliuliza. Ukutani hapakuwa na hata waya mmoja wenye njano.

Fundi aliangalia vipande hivyo. Upande wa pili wa ukuta, mashine ya kinyozi ilivuma, ikanyamaza, ikavuma tena.

"Zilikuwa mbili," alisema hatimaye, na akaanza kulia bila kutoa sauti.

Inspekta aliinuka. Alimkazia Sajini macho, na Sajini, ambaye kwa mwaka mzima hakuonekana akifanya jambo lolote kwa haraka, alikuwa tayari na simu sikioni.

Muuguzi alipatikana baada ya majaribio matatu. Ndiyo, alisema, nyaya zilikuwa mbili, mmoja wa mita moja na mwingine wa mita mbili, kwa wagonjwa wawili. Kwani hawakujua? Hakuna aliyemuuliza. Ule mrefu ni wa Bibi mmoja, ghorofa ya nne, jengo la kijani nyuma ya shule ya msingi. Anaishi na binti yake. Yeye mwenyewe muuguzi yuko upande wa pili wa mji. Simu ya binti ilikuwa imezimwa tangu asubuhi.

"Jengo la kijani nyuma ya shule," Sajini alirudia polepole. "Afande, lile tangazo la kampuni ya umeme mlangoni kwetu kituoni. Matengenezo. Huko ndiko wanakokata leo."

"Saa ngapi?"

"Saa tano kamili."

Saa ya ukutani, ambayo fundi aliitengeneza kwa sahani ya shaba ya seti ya ngoma, ilionyesha saa nne na dakika thelathini na nne.

"Nichukueni na mimi," fundi alisema. Alikuwa amesimama, mita mkono mmoja na koleo la kukatia mkono wa pili. "Mnaweza kunifunga pingu, sawa, lakini nichukueni. Ule waya naujua mimi."

Walimchukua.

Gari lilipita mitaa miwili. Kisha fundi, aliyeketi nyuma kama mzigo uliosahauliwa, alianza.

"Mkifika, mkate tu. Msihangaike kupima. Mkate pale pale shingoni."

"Tutaona."

"Hakuna cha kuona, Afande! Niliketi mkao mmoja tu. Nilianza na ule mfupi wa Mwalimu, nikamaliza na ule mrefu, chuma hakijapoa. Zote zililala hapo mezani mpaka kesho yake muuguzi akaja akazichukua pamoja. Mkono ni ule ule. Kama ule umekosewa, na huu umekosewa. Mkate!"

Inspekta alimtazama kwenye kioo. Alimwona mtu mwenye macho mekundu, mdomo unaocheza, roho mkononi. Aliwahi kuona dhamiri za watu zikifanya kazi, ingawa si mara nyingi, na akadhani anaiona tena. Hata hivyo kulikuwa na neno moja katika maelezo hayo lililomkwaruza sikio, na kwa kuwa gari lilikuwa limesimama, hakupata nafasi ya kulitafuta.

Mbele yao lori la matofali lilikuwa limelala ubavu mmoja na kumwaga mzigo barabarani. Watu walikuwa wamekusanyika kutoa ushauri. Dereva wa lori alikuwa ameketi kwenye tofali mojawapo akiwasikiliza wote.

"Tushuke," Inspekta alisema.

Walikimbia. Neno hilo lina ukarimu. Inspekta alikuwa na goti bovu, Sajini alikuwa na mwili wake, na fundi alishikwa mkono kama mtoto anayepelekwa kuchanjwa. Walipita ukuta wa shule, watoto darasani wakiimba jedwali la saba. Jengo la kijani lilionekana. Lifti ilikuwa chini, milango wazi, taa inawaka, na Sajini akaingiza mguu.

"Toka humo," Inspekta alisema. "Ikikatika na wewe uko katikati ya ghorofa ya pili na ya tatu, utamsaidia nani?"

Ngazi zilikuwa giza na zilinuka sabuni ya unga. Ghorofa ya kwanza. Ya pili. Inspekta aliwaza juu ya mtaalamu wa maabara, namna alivyoeleza kwa utulivu kwamba mashine ile haipigi kelele inapoungua. Hunyamaza tu, na mgonjwa naye hunyamaza.

"Afande," Sajini alisema nyuma yake, akihema kama mvukuto wa mhunzi, "ukianguka hapa mimi nitaandika nini kwenye ripoti?"

"Andika kwamba nilikuwa mbele yako."

Ya tatu. Ya nne. Inspekta aligonga mlango kwa kiganja, kisha kwa ngumi.

Mwanamke wa miaka thelathini na kitu alifungua, mikono ina povu la kufulia.

"Nyie nani?"

"Polisi, mwanangu. Mama yuko wapi?"

"Mama? Mama kafanya nini?"

"Hajafanya kitu. Yuko wapi?"

Chumba kilikuwa kidogo na kisafi. Feni ilizunguka juu ya kabati. Kitandani, kwenye mito mitatu, aliketi Bibi mmoja mdogo mithili ya ndege, mrija mwembamba puani, na kando ya kitanda mashine nyeupe ilipumua kwa niaba yake: *shii*, kisha *tuu*. Kutoka kwenye mashine, waya mrefu wenye shingo ya njano ulipita juu ya sakafu hadi kwenye betri iliyowekwa chini ya dirisha.

"Shikamoo, Bibi," Inspekta alisema.

"Marahaba." Bibi aliwatazama wote watatu kwa zamu. "Mbona mnahema kuliko mimi mgonjwa?"

Saa tano kasoro dakika tano. Inspekta alipiga goti lake zima na lile bovu, akashika kile kichwa kinene, akakichomoa kwenye mashine. Mashine iliendelea, ilikuwa bado inakula umeme wa ukutani. Akapumua kwa mara ya kwanza tangu karakana.

"Simu yako kwa nini imezimwa?" Sajini alikuwa akimuuliza binti.

"Chaji imeisha. Kuna nini jamani? Niambieni basi!"

"Huu waya una hitilafu," fundi alisema. Alikuwa amesogea mpaka ubavuni mwa Inspekta, na koleo lilikuwa wazi mkononi mwake. "Lete nikate, Afande. Lete tu."

"Mita kwanza."

"Ya nini? Dakika zinakwenda! Kata!"

Alinyoosha mkono. Midomo ya koleo ilifika kwenye mpira wa njano na kuanza kuuma. Inspekta aliukamata mkono huo, na kwa mshangao akahisi nguvu iliyokuwamo: haikuwa ya mtu anayeomba. Sajini alivuka chumba kwa hatua mbili. Koleo likaanguka sakafuni.

"Sikiliza," Inspekta alisema polepole. "Baada ya dakika nne umeme unakatika. Mashine inataka betri. Kati ya betri na mashine kuna waya mmoja tu katika chumba hiki. Nikiukata, Bibi atapumua nini?"

Fundi alitazama betri chini ya dirisha.

"Wewe ndiye fundi. Ulikuwa umelifikiria hilo?"

Binti alikuwa ameshika mlango kwa mikono yake miwili yenye povu. Bibi peke yake ndiye aliyeonekana kutohusika. Alikuwa akiangalia koleo sakafuni kwa udadisi.

Inspekta alitwaa mita. Alikuwa amewahi kuiona ikitumiwa mara moja tu, jana, maabara, na alirudia alichokiona neno kwa neno kama mtu anayesali kwa lugha asiyoijua. Ncha nyekundu ndani ya tundu la katikati. Ncha nyeusi kwenye ukuta wa nje. Chanya ikiwa katikati, mita itaonyesha namba tupu. Hasi ikiwa katikati, mbele ya namba kitatokea kistari kifupi, na hapo itabidi wambebe Bibi na mito yake ghorofa nne kwenda chini bila hewa.

Ncha iliteleza mara mbili. Namba zilicheza. Zikatulia.

Kumi na mbili, nukta sita. Mbele yake hapakuwa na kitu.

Aliziondoa ncha, akazifuta kwa kanga iliyokuwa ukingoni mwa kitanda, akapima tena. Kumi na mbili, nukta sita. Akazigeuza kwa makusudi, nyeusi ndani na nyekundu nje, na kistari kikajitokeza kwa utiifu. Mita ilikuwa nzima. Waya ulikuwa sahihi.

"Uko sawa," alisema. Akauchomeka tena.

Hawakungoja. Kampuni ya umeme, ambayo kwa mambo mengine yote ilichelewa, ilikata dakika moja kabla ya wakati. Feni ilipunguza mwendo, ikawa mapanga matatu yanayohesabika, ikasimama. Friji jikoni lilikoroma na kukata roho. Mashine nyeupe ilinyamaza.

Kwa muda wa pumzi moja, chumbani hapakusikika kitu chochote isipokuwa watoto wa shule kule chini, sasa kwenye jedwali la nane.

Kisha kitu kililia *tik* ndani ya mashine, taa ndogo ya kijani ikageuka ya njano, na *shii* ikarudi, na *tuu*.

Binti alitelezea chini mlangoni akaanza kulia na kucheka kwa mkupuo mmoja. Sajini alijifuta uso kwa kofia yake rasmi, kinyume cha kanuni. Bibi alisema kwamba kama wamemaliza, mmoja wao amletee chai, kwa kuwa wageni waliokuja kwa kukimbia huwa hawakumbuki kuleta kitu.

Inspekta aligeuka kumtazama fundi.

Alikuwa ameegemea ukuta. Mtu huyu alikuwa amelia karakana nzima, amesihi njia nzima, na sasa ameambiwa kwamba hakuua mtu wa pili. Kati ya watu wote waliokuwa chumbani, alikuwa na sababu kubwa kuliko wote ya kuanguka magotini na kushukuru. Lakini uso wake ulikuwa wa mtu anayesomewa hukumu.

"Hujafurahi," Inspekta alisema.

"Nimefurahi, Afande."

"Mkao mmoja, ulisema. Mkono ule ule."

"Labda... labda ule wa kwanza nilikosea, huu wa pili nikakumbuka."

"Inawezekana." Aliinuka, goti likalalamika. "Wakili wako atasema hivyo hivyo. Nami nitamuuliza: alipokumbuka kwenye wa pili, ule wa kwanza ulikuwa wapi? Ulikuwa mezani, mbele yake, umelala hapo mpaka kesho yake. Kuubadilisha ni kazi ya kufunga kamba za viatu, nimekuona kwa macho yangu. Kwa nini hukuubadilisha?"

Fundi alitazama mlango. Sajini alikuwa ameshausogelea, na mlango haukuonekana tena.

"Mazoea hayachagui mgonjwa," Inspekta aliendelea. "Yangekosea zote mbili. Hilo ulilijua kabla yangu. Ndiyo maana ulisema umetengeneza mmoja, na ulipobanwa ukataka huu ukatwe kabla haujapimwa. Kipande cha waya hakitoi ushahidi. Nilidhani unaogopa kwamba waya huu umekosewa. Kumbe uliogopa kwamba uko sawa."

"Sikujua hata ni wa nani! Muuguzi alitaka mfupi na mrefu, basi. Ningejuaje upi unakwenda kwa nani?"

Na hapo neno lililomkwaruza sikio garini likaja lenyewe, limevaa vizuri, kama mgeni aliyekuwa amekosea nyumba.

"Sajini, mpigie muuguzi. Muulize kama alimtajia fundi majina ya wagonjwa. Sitaki jibu lingine, nataka hilo."

Sajini alinong'ona kwenye simu, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Hakumtajia. Anasema hatoi majina ya wagonjwa wake kwa mafundi. Urefu tu, na ile alama."

"Mimi tangu asubuhi sijataja jina la marehemu," Inspekta alimwambia fundi. "Wewe umesema *ule mfupi wa Mwalimu*. Nani alikuambia kwamba mgonjwa ni Mwalimu, na kwamba kitanda chake kiko mita moja kutoka kwenye betri?"

Fundi aliteremka taratibu na mgongo ukutani mpaka akachutama. Macho yake hayakuwa kwa Inspekta tena. Yalikuwa kwenye taa ile ndogo ya njano, na kwenye kifua cha Bibi kilichokuwa kikipanda na kushuka bila haraka. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa imerudi ile tulivu, ya mtu aliye kwenye jambo analolijua.

"Huyu Bibi sina ugomvi naye. Wake niliutengeneza vizuri. Nilipima mara tatu. Niandikie hilo, Afande."

"Nitaliandika," Inspekta alisema, akafungua daftari. "Hilo ndilo litakalokufunga."